Miji ya kale ya vijijini Ufaransa kwa basi na kwa miguu: bonde la Lot, kutoka Cahors mpaka Figeac

Ukimwambia mtu unaenda vijijini Ufaransa bila gari atakwambia utakwama, na kiukweli ukienda kichwakichwa utakwama kweli, maana huko basi likishapita linalofuata linaweza kuwa la kesho. Ila kuwezekana inawezekana, tena vizuri tu. Miji hii ilijengwa na watu waliokuwa wanatembea kwa miguu, na punda, na mashua, vichochoro vyake vingine gari halipiti hata ulipake mafuta, kwa hiyo ukishashuka kwenye basi wewe ndo mwenye raha, mwenye gari bado anazunguka kutafuta pa kupaki na akipata analipia. Shika kitu kimoja tu: safari za huku hazipangwi kwa kuanza na kivutio, zinapangwa kwa kuanza na basi la kurudi. Unatafuta kwanza basi la mwisho la kukurudisha (au la kukusogeza mbele) linapita saa ngapi, halafu unahesabu kurudi nyuma kuona umebakiwa na muda gani wa kutembea. Mengine yote yanafuata hapo.

Nimechagua bonde la mto Lot, kusini magharibi, mkoa wa Occitanie, kwa sababu zamani kulikuwa na treni inafuata mto kutoka Cahors kwenda upande wa Figeac, abiria wakaondolewa kwenye reli, basi likarithi njia. Ndo maana vituo vingine vya basi mpaka leo vinaitwa "gare" wakati reli yenyewe imeota majani. Ni ruti moja, kama kilomita sabini hivi, na humo ndani una mji wenye daraja la karne ya 14, kijiji juu ya jabali, pango lenye michoro ya maelfu ya miaka, na mji alikozaliwa mtu aliyesoma maandishi ya mafarao. Siku nne au tano zinatosha bila kukimbizana.

Hatua ya 1: makaratasi na msimu

Visa ni Schengen, na hili wengi linawachanganya: ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda na unaishi Uingereza, kibali chako cha Uingereza hakikuingizi Ufaransa, unaomba visa kama kawaida. Ila ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, mfano Ujerumani au Uholanzi, unaingia bila visa ya ziada, mradi usizidishe siku 90 ndani ya 180. Bima ya safari ya kufunika angalau euro 30,000 ni lazima kwenye maombi ya visa. Ukifikia kwa ndugu, yeye anaenda ofisi ya meya ya mji anaoishi kuchukua karatasi inayoitwa attestation d'accueil, na asisubiri dakika za mwisho.

Msimu: Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto kali na watu wamejaa mpaka unatembea kwa foleni, na bei za vyumba zinapanda. Majira ya baridi kumetulia sana, lakini nyumba nyingi za wageni zinafungwa, pango linafungwa, na giza linaingia saa kumi na moja jioni wakati wewe bado uko porini. Mwezi Juni mwanga unakaa mpaka karibu saa nne usiku, siku yako inakuwa ndefu mno.

Hatua ya 2: kuisoma ratiba ya basi (hapa usipite haraka)

Mabasi ya mkoa yanaendeshwa kwa jina la liO. Nauli ni ndogo, euro chache tu, na kwa kawaida unalipa kwa dereva, kwa hiyo tembea na sarafu na noti ndogo, usimpe noti ya hamsini asubuhi asubuhi. Kazi ipo kwenye kuisoma ile ratiba. Ingia kwenye tovuti ya liO, pakua PDF ya laini ya Cahors–Figeac, kisha ikuze mpaka uone maandishi madogo kabisa, maana ukweli wote umefichwa kule kwenye maandishi madogo.

Juu ya kila safu kuna herufi za siku: L ni Jumatatu, M Jumanne, Me Jumatano, J Alhamisi, V Ijumaa, S Jumamosi, D Jumapili. M na Me ndo zinaumiza watu. Tena Jumatano ratiba inaweza kuwa tofauti kabisa, kwa sababu siku hiyo wanafunzi wengi wanatoka shule mchana, basi la jioni linahamia saa sita, na wewe uliyelitegemea saa kumi na moja unabaki unaangalia barabara.

Kisha angalia kama safari imeandikwa "période scolaire", maana yake inakwenda siku za shule tu, au "vacances scolaires", yaani wakati wa likizo tu. Likizo za Ufaransa zinagawanywa kwa kanda A, B na C, na eneo hili lipo kanda C pamoja na Paris na Toulouse, kwa hiyo unafungua kalenda ya kanda C, sio ya rafiki yako anayeishi Lyon. "Sauf" ni isipokuwa. "Dimanches et fêtes" ni Jumapili na sikukuu, na sikukuu za mwezi Mei ni nyingi: tarehe 1, tarehe 8, na mara nyingi Kupaa kwa Bwana nayo inaangukia humohumo. Mei mosi chukulia hakuna basi. Sio pungufu, hakuna. Ukiona "TAD" au "sur réservation" hilo basi haliji lenyewe, linaitwa kwa kupiga simu kabla, mara nyingi siku moja nyuma, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako akupigie, hao wazee wa chambres d'hôtes (vyumba vya wageni majumbani kwa watu) wamezoea.

Saa wanaandika 24, na sisi tunaosema saa za Kiswahili ndo tunapojichanganya tukiwa tumechoka: 18h10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Andika kwenye simu kwa namna moja tu, ya kwao. Piga skrinishoti za ratiba zote, za kwenda na za kurudi, kwa sababu bondeni kule kuna sehemu mtandao unakata.

Kituoni fika dakika kumi kabla. Hili sio daladala la kusubiri lijae, linapita kwa dakika yake likiwa na abiria watatu, na kama hujasimama pale kwenye nguzo ukanyoosha mkono dereva anapita zake na hana kosa. Simama upande sahihi wa barabara, magari kule yanaendeshwa kulia. Ukipanda unaanza na "bonjour" kabla ya kitu chochote, hata kabla ya kutaja unakokwenda. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hili halitusumbui, ila watu wa mijini wanalisahau halafu wanalalamika Wafaransa wana roho mbaya. Ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi hii sehemu mnaivuka, Kifaransa mnacho, wengine wote jifunzeni sentensi moja: "Vous allez bien à Bouziès ?" (unakwenda Bouziès, sivyo?) na dereva atakuitikia au atakukatalia, inatosha.

Hatua ya 3: Cahors, siku ya kwanza

Kufika Cahors ni kwa treni, kuna za moja kwa moja kutoka Paris stesheni ya Austerlitz, masaa matano na zaidi, au kutoka Toulouse saa moja na nusu hivi. Kata mapema kwenye SNCF Connect (tovuti ya reli ya Ufaransa), tiketi ya dakika ya mwisho ya Paris inauma.

Mji wenyewe umekaa ndani ya kona ya mto, maji yameuzunguka pande tatu. Kutoka stesheni usikimbilie katikati ya mji, nenda kwanza upande wa magharibi, mtoni, ukaone daraja la Valentré, ni mwendo mfupi tu. Lilianza kujengwa 1308 likamaliziwa miaka ya 1370 huko, lina minara mitatu juu yake, na unapita kwa miguu bure. Hadithi ni kwamba mjenzi alichoka na kazi isiyoisha akauza roho yake kwa shetani ili amsaidie, kazi ilipokaribia mwisho akamwagiza shetani akawatekee mafundi maji kwa chekecheke. Shetani akashindwa, mkataba ukavunjika, na kwa hasira kila usiku akawa anang'oa jiwe moja kwenye mnara wa kati. Daraja lilipokarabatiwa 1879, msanifu Paul Gout akaweka pale juu jiwe lililochongwa shetani anahangaika kulikwangua, limetiwa simenti asiweze tena. Simama chini ya mnara wa kati uangalie juu kwenye kona, ni kadogo, watu wengi wanapita bila kukaona.

Mji wa kale uko upande wa mashariki wa boulevard Gambetta (jina la mwanasiasa Léon Gambetta, alizaliwa hapa 1838). Humo ndani usitumie ramani, potea tu, huwezi kupotea mbali. Zama za kati watu wa Cahors walijulikana Ulaya nzima kwa kukopesha pesa kwa riba, na majumba yale ya matofali na mawe ni riba hiyo hiyo ilivyogeuka ukuta. Kanisa kuu la Saint-Étienne lina makuba mawili makubwa, mtu wa pwani akiingia atashtuka kidogo maana hakuyategemea pale. Soko ni Jumatano na Jumamosi asubuhi mbele ya kanisa hilo. Nakushauri upange ulale Cahors usiku wa Ijumaa, Jumamosi asubuhi ununue jibini, mkate, matunda na jozi, halafu ndo upande basi, kwa sababu huko mbele duka sio kitu cha kukitegemea.

Hatua ya 4: basi mpaka Bouziès, halafu miguu mpaka Saint-Cirq-Lapopie

Hii ndo siku yenyewe. Wengi wanashuka kituo cha Tour-de-Faure, wanavuka daraja na kupanda mlima, kilomita mbili na ushee. Ni sawa, ila ukishuka kabla, Bouziès, unapata njia bora zaidi na mlima unakuja mwishoni.

Ukishuka uko barabara kuu, upande wa kulia wa mto. Inua macho kwenye mwamba karibu na daraja, utaona ukuta wenye madirisha umezibwa kwenye tundu la jabali, ni ngome ya zamani, wenyeji wanaiita ya Waingereza kwa kumbukumbu ya ile vita ya miaka mia. Vuka daraja jembamba, pita kijijini, fuata alama za rangi nyeupe na nyekundu za GR 36 (njia ndefu ya watembea kwa miguu) kuelekea juu ya mto. Alama ni mistari miwili, mweupe juu mwekundu chini, imepakwa kwenye mti, nguzo au jiwe. Ukiona imekuwa msalaba ujue umeingia njia sio yako, rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona. Njano peke yake ni njia fupi za kienyeji.

Baada ya mwendo kidogo njia inaingia ndani ya mwamba wenyewe. Zamani mashua za mizigo zilikokotwa kupanda mto kwa kamba, na hapa jabali lilikuwa limeshuka mpaka majini bila nafasi ya kukanyaga, basi karne ya 19 wakalichonga, wakatoa njia ya kupita kwa mita mia kadhaa. Mto uko kushoto kwako, karibu kabisa, kulia ni ukuta wa chokaa, na juu ya kichwa mwamba umekuinamia kama umeingia chini ya kitanda. Kuna baridi humo hata mchana wa Julai. Sehemu moja ukuta unaanza kuwa na mawimbi, kisha konokono, kisha samaki: ni michongo ya Daniel Monnier, msanii wa Toulouse, ameichonga hapohapo ukutani kwa mtindo wa mto na viumbe vyake. Pitisha mkono, hakuna kioo wala mlinzi. Mvua ikiwa imenyesha sana mto unapanda na mawe yanateleza vibaya, siku hiyo acha, shuka Tour-de-Faure kama wengine.

Mwishoni unaacha mto na kupanda. Jumla ya njia kutoka Bouziès ni saa moja na nusu kwa mwendo wa kupiga picha, na ile pandisho la mwisho inaumiza kidogo, beba maji lita moja na nusu. Saint-Cirq iko kama mita 100 juu ya mto, nyumba za mawe na mapaa yaliyoinuka kwa ukali, chini yake matao mapana yaliyokuwa karakana. Mafundi wa hapa walikuwa wanachonga mbao kwa mashine za kuzungusha, hasa bomba za mapipa ya mvinyo. Mshairi André Breton, yule wa usurealisti, alifika 1950, akanunua nyumba na akawa anakuja kila kiangazi. Panda mpaka magofu ya ngome juu kabisa, utaliona bonde lote na barabara uliyokujia.

Kijiji hiki Wafaransa walikipigia kura kuwa wanakipenda kuliko vyote mwaka 2012, na tangu hapo mchana kinafurika. Kwa hiyo lala hapo, hata kama ni ghali kuliko Cahors. Saa kumi na moja jioni mabasi ya watalii yanaondoka na vichochoro vinabaki vyako na paka. Tafuta gîte d'étape (vitanda vya wapandaji, bei nafuu) au chambre d'hôtes, na wapigie mapema wajue unakuja kwa miguu na unafika saa ngapi, hakuna mapokezi ya masaa 24.

Kuhusu kula: jiko linafunguliwa saa sita mchana na saa saba na nusu au nane linafunga, ukija saa tisa una njaa hiyo ni shida yako. Agiza "carafe d'eau", ni maji ya bomba na ni bure. Kwa wanaokula halali, eneo hili ni la bata na nguruwe, na lardons, vipande vidogo vya nguruwe, vinatupwa hata kwenye saladi ambayo menyu imeiita ya jibini tu, kwa hiyo sema "sans porc, sans lardons" na uliza mchuzi kama una mvinyo. Kondoo wa Quercy (jina la zamani la eneo hili) ni mtamu ila hajachinjwa kihalali. Utaishi kwa omleti, samaki, vijibini vidogo vya mbuzi vinavyoitwa cabécou, na keki ya jozi. Mimi sioni tabu.

Hatua ya 5: pango la Pech Merle, ukipenda

Liko Cabrerets, bonde la jirani la mto Célé, na basi la ruti yetu linakuacha Conduché, unamalizia kilomita chache kwa miguu kwa kufuata Célé halafu mlima mfupi. Ni pango halisi, sio nakala: farasi wenye madoa na viganja vya mikono vilivyopulizwa rangi, karibu miaka 29,000 iliyopita. Kwa siku wanaingiza watu 700 tu, kwa hiyo buku mtandaoni siku kadhaa kabla, na usibuku saa ya karibu sana na kufika kwa basi. Ndani baridi, vaa sweta. Sehemu hii barabara haina njia ya waenda kwa miguu kila mahali, tembea kushoto ukitazamana na magari.

Hatua ya 6: Figeac

Unashuka kutoka Saint-Cirq mpaka kituo cha Tour-de-Faure, nusu saa, unapanda basi la kuelekea mashariki. Njiani ni Cajarc, mji wa zafarani, ambako Georges Pompidou alikuwa na nyumba kabla na wakati wa urais wake. Ukiwa na mabasi mawili siku hiyo shuka ule, la sivyo endelea.

Figeac ni mji mkubwa kuliko Saint-Cirq na Cajarc na haujishughulishi na mtalii, ndo uzuri wake. Angalia juu: kwenye nyumba nyingi ghorofa ya mwisho iko wazi kwa nguzo chini ya paa, wanaita soleilho, mahali pa kuanikia ngozi, vitambaa na mazao. Hapa alizaliwa Jean-François Champollion, Desemba 23, 1790, aliyefumbua maandishi ya Misri 1822, na nyumba yake sasa ni sehemu ya makumbusho ya maandishi ya dunia. Nyuma yake kuna uwanja umetandikwa nakala kubwa ya Jiwe la Rosetta (lile lenye ujumbe mmoja kwa miandiko mitatu, lililosaidia kuyafumbua), kazi ya Joseph Kosuth ya 1991, unatembea juu yake kwa viatu kutoka hieroglifu kwenda demotiki kwenda Kigiriki. Granaiti ile nyeusi imetoka Zimbabwe. Soko ni Jumamosi.

Vitu vidogo vya kubeba kichwani

Maji: bomba likiandikwa "eau potable" kunywa, "non potable" acha, na makaburini mara nyingi kuna bomba, wapandaji wote wanajaza hapo. Ramani: ya IGN (taasisi ya ramani ya Ufaransa), 1:25,000, sentimita moja ni mita 250, iweke kwenye simu bila mtandao na ubebe pawabanki. Kuanzia Septemba mpaka Februari kuna wawindaji, ukiona kibao "chasse en cours" vaa kitu chenye rangi kali na usiache njia. Kwenye majani marefu kuna kupe, jikague miguu jioni. Beba pasipoti au kibali chako, polisi wanaweza kukiomba popote. Dharura 112. Jumatatu maduka mengi, hata ya mikate, yamefungwa. Begi liwe la mgongoni, magurudumu kwenye mawe yale utayalaani.

Hatua ya 7: kutoka

Figeac kuna stesheni hai. Treni za kusini zinakwenda Toulouse kwa kupita Villefranche-de-Rouergue, mji uliopimwa kwa mistari mnamo 1252, soko lake Alhamisi, na Najac yenye ngome juu ya mgongo wa mlima, stesheni iko chini kabisa kwa hiyo jiandae kupanda. Za kaskazini zinasimama Rocamadour-Padirac, na hapo jina lisikudanganye, kijiji cha Rocamadour kiko kama kilomita 4 na hakuna teksi imekusubiri. Tembea mpaka L'Hospitalet, unaiona Rocamadour yote imeng'ang'ania jabali upande wa pili, ndo unashuka, na ngazi kubwa ya vidato 216 ambayo mahujaji walikuwa wanaipanda kwa magoti utaikuta inakusubiri wakati wa kwenda kuona sanamu ya Bikira Mweusi. Kabla hujatoka stesheni ya Rocamadour-Padirac piga picha ubao wa treni za kurudi, maana ni chache na baada ya ile ya jioni pale hamna hata kibanda cha chai.